TAA YA BREKI: MAANA YAKE NA NAMNA YA KUIZIMA KWA HAKI

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali waliokabidhiwa magari, madereva wao, na wananchi wote wenye kumiliki au kuendesha vyombo vya moto hapa Visiwani na wanaposafiri Bara.



Kiasi cha kilomita kumi magharibi ya jiji la Arusha, kando ya barabara kuu iendayo Makuyuni na Dodoma, upo mji mdogo wa Kisongo. Jina hilo si geni kwa watu wa Unguja. Uwanja wa Ndege wa Arusha uko upande huo, karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo ndege ndogo huruka moja kwa moja hadi Unguja zikiwa na watalii waliotoka Serengeti na Ngorongoro. Watumishi wa Serikali ya Mapinduzi nao hufika Arusha kwa shughuli za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako katika jiji hilo, na ambayo Mkataba wake ulitiwa saini hapo hapo tarehe 30 Novemba, 1999. Baadhi yao huenda kwa ndege. Wengine huvusha gari kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha wakaifuata njia ya Chalinze, Segera, Same na Moshi, safari ya zaidi ya kilomita 600.

Mazungumzo haya yanawahusu zaidi hao wanaovusha gari. Ichukuliwe mfano wa gari la ofisi lililotembea miaka miwili baina ya Mjini, Mahonda na Makunduchi bila ya kuonyesha alama yoyote ya ubovu. Linafika Arusha salama. Siku ya pili linaelekezwa Ngorongoro, na kabla halijaiacha Kisongo nyuma, taa nyekundu ya breki inamemeta mara moja pale dereva anapokanyaga breki kwenye mteremko, kisha inazimika. Mbele kidogo inamemeta tena. Dereva humwambia mkubwa wake kwamba gari limeharibika njiani. Kwa kawaida sivyo. Maradhi hayo gari lilitoka nayo nyumbani, ila nchi tambarare iliyaficha na mlima umeyatoa hadharani.

Ili jambo hili lifahamike, inapasa kwanza kueleza breki yenyewe inavyofanya kazi. Nyuma ya kila gurudumu la mbele, na katika magari mengi ya siku hizi hata la nyuma, kuna sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu, ambayo mafundi huiita diski. Sahani hiyo hubanwa na pedi mbili, moja kwa ndani na moja kwa nje, zinazoshikwa na chuma kiitwacho kalipa. Mguu wa dereva ukanyagapo, mafuta ya breki husukumwa katika mipira na mabomba, nayo huisukuma pistoni, na pistoni huzisukuma pedi. Mwendo wa gari hugeuka joto. Pedi mpya ya gari dogo huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi, bila ya kuhesabu bati lake la mgongoni. Kila breki inapokanyagwa, sehemu ndogo isiyoonekana kwa jicho hulika. Inapobaki milimita 3, ambayo ni takriban unene wa sarafu mbili zilizopachikwa pamoja, wakati wa kuibadilisha umekwisha fika. Ikiisha kabisa, bati husaga chuma kwa chuma, na hapo huharibika diski nayo, ambayo bei yake ni zaidi ya bei ya pedi.

Watengenezaji wa magari wana njia nne tofauti za kumjulisha dereva habari hiyo, na makosa mengi yanayotendeka katika gereji zetu yanatokana na kuzichanganya njia hizo.

Njia ya kwanza haina taa hata kidogo. Magari mengi ya Kijapani, yakiwemo yale yanayoletwa nchini yakiwa yameshatumika, huwa na kibati chembamba kilichopindwa pembeni mwa pedi. Pedi ikibaki kiasi cha milimita 2 au 3, kibati hicho huigusa diski na kutoa mlio mkali kama wa cherehani kavu, ambao mara nyingi husikika gari likiwa linatembea na hubadilika breki ikikanyagwa. Mwenye gari la namna hii hana taa yoyote ya kuirejesha katika hali yake. Mlio utakoma pedi zitakapobadilishwa. Lipo kundi la watu wanaokiondoa kibati hicho kwa koleo ili gari litulie. Kitendo hicho ni sawa na kumziba mdomo mlinzi kwa sababu amepiga kelele usiku.

Njia ya pili ni taa nyekundu ya breki, yenye duara na alama ya mshangao ndani yake, au neno la Kiingereza BRAKE. Taa hii ina kazi zaidi ya moja, na hapo ndipo penye fumbo la Kisongo. Huwaka pale breki ya mkono inapokuwa imevutwa. Huwaka pia pale mafuta ya breki yanapopungua katika kikopo chake, kwani ndani ya kikopo hicho mna boya dogo linaloelea na kuongoza swichi. Sasa, pedi zinapolika, pistoni hulazimika kutoka nje zaidi ili kuzifikia diski, na nafasi inayobaki nyuma ya pistoni hujazwa na mafuta yanayoshuka kutoka kwenye kikopo. Kwa hiyo mafuta hupungua polepole kikoponi hata kama hakuna tone lililovuja. Katika barabara tambarare boya hubaki juu kidogo ya alama na taa hunyamaza. Gari linapoinama kwenye mteremko, au linapofunga breki kwa nguvu, mafuta hukimbilia upande mmoja, boya hushuka, taa ikamemeta. Likirudi tambarare, taa huzimika.

Kilele cha juu katika kisiwa cha Unguja, upande wa Masingini, kina mita 120 hivi. Mlima Meru, ambao Arusha na Kisongo ziko chini yake, unapita mita 4,500. Hivyo haishangazi kuwa taa iliyonyamaza Unguja ikasema huko.

Jambo linalofuata ndilo linalohitaji kutiliwa mkazo kuliko yote katika mazungumzo haya. Fundi mwenye haraka, au dereva mwenyewe, hufungua kifuniko cha kikopo, akaona mafuta yako chini, akaongeza. Taa huzimika papo hapo. Dereva humlipa, humshukuru, na huendelea na safari akiamini kwamba gari limetengenezwa. Ukweli ni kwamba pedi zimebaki vile vile zilivyokuwa, nyembamba au zimekwisha, na chombo pekee kilichokuwa kikieleza habari hiyo kimenyamazishwa kwa chupa moja ya mafuta. Zaidi ya hapo, siku pedi mpya zitakapotiwa na pistoni kurudishwa ndani, mafuta yaliyoongezwa yatafurika nje ya kikopo na kuharibu rangi ya gari. Kanuni ni kwamba mafuta yakipungua, kwanza pedi zikaguliwe katika magurudumu yote, kisha kutazamwe kama kuna uvujaji, na kuongeza mafuta kuwe jambo la mwisho. Mara nyingi pedi mpya zikishatiwa, mafuta hupanda yenyewe hadi alama ya juu na taa huzimika bila ya mtu kuigusa. Huko ndiko kuizima taa kwa haki.

Ikiwa mafuta yamepungua ghafla, au mguu unazama zaidi kuliko desturi, hilo si suala la pedi tena. Gari lisimame hapo hapo na livutwe.

Njia ya tatu ni ya waya. Magari mengi ya Ulaya, kama vile BMW, Mercedes-Benz, Audi na Land Rover za miaka ya karibuni, huwekwa waya mwembamba ndani ya pedi. Pedi ikilika hadi kiwango kilichowekwa, diski huugusa waya huo au huukata, na taa ya rangi ya manjano au nyekundu huwaka, aghalabu ikiwa na umbo la duara lenye vistari vilivyokatika pande zake mbili. Waya uliokatika hauungwi, hutupwa na kutiwa mwingine pamoja na pedi mpya. Katika baadhi ya magari haya taa huzimika yenyewe mara waya mzima unapotiwa na ufunguo kuwashwa, na katika mengine gari hutakiwa litembee kidogo kwanza. Fundi asiyekuwa na waya mpya hushawishika kuzikata ncha mbili za waya wa zamani na kuziunganisha pamoja. Gari hudhani pedi ni nzima, na litaendelea kudhani hivyo pedi hizo na zitakazofuata zote zitakapokwisha. Huo si ufundi, bali ni ushahidi wa uongo. Tena huyo aliyeunga waya leo huenda asiwepo siku gari hilo litakapokuwa na dereva mwingine, abiria wengine na mteremko mwingine.

Njia ya nne ni ya hesabu, nayo ndiyo inayowatatiza watu wengi siku hizi. Baadhi ya magari, hasa BMW, hayangojei waya ukatike. Kompyuta ya gari hukadiria kilomita zilizobaki kabla ya pedi kwisha na kuzionyesha kwenye dashibodi, na breki za mbele huhesabiwa mbali na za nyuma. Pedi zinapobadilishwa, kompyuta haina njia ya kujua habari hiyo mpaka iambiwe. Ndiyo maana mtu aliyetia pedi mpya kwa gharama yake huona taa bado inawaka, akadhani ameibiwa.

Namna ya kuiambia katika magari mengi ya aina hiyo ni hii. Gari lisimame pahali tambarare na milango yote ifungwe. Ufunguo ufunguliwe hadi taa za dashibodi ziwake, lakini injini isiwashwe. Kitufe cha kurejesha hesabu ya kilomita za safari kibonyezwe na kushikiliwa kwa sekunde kadhaa hadi zitokee alama za matengenezo. Kwa kubonyeza kidogo kidogo, alama zipitwe moja baada ya moja hadi ifikiwe ya breki inayohusika, ya mbele au ya nyuma, kwani atakayekosea atairejesha hesabu ya pedi ambazo hakuzigusa. Hapo kitufe kishikiliwe tena hadi gari liulize kama hesabu irejeshwe, kisha kishikiliwe mara ya pili kuthibitisha. Kwa magari mapya zaidi kazi hiyo hufanywa katika skrini au kwa mashine ya fundi, na kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.

Wakati mwingine kompyuta hukataa. Mara nyingi sababu yake ni kuwa waya wa kuhisi haukubadilishwa au haukuchomekwa sawasawa, na gari linajua kwamba mnyororo wa habari haujatimia. Kukataa huko kusichukuliwe kuwa ni ubovu wa gari. Ni gari linafanya kazi ambayo binadamu alikusudia kuikwepa.

Aidha, inafaa kutaja hapa kwamba magari yenye breki ya mkono ya umeme, ile ya kubonyeza badala ya kuvuta, hayaruhusu pistoni za nyuma kusukumwa kwa nguvu. Sharti kwanza yawekwe katika hali ya matengenezo kwa mashine au kwa utaratibu wa kitabu. Fundi akitumia koleo na nguvu ataivunja mota ndogo iliyomo ndani ya kalipa, na hasara yake ni kubwa.

Baada ya maelezo hayo, yupo atakayeuliza: je, taa isipowaka ni salama? Jawabu ni kwamba kutowaka kwa taa si hati ya usalama. Waya wa kuhisi kwa kawaida huwekwa kwenye gurudumu moja tu la mbele na moja la nyuma. Magurudumu yaliyobaki hayana wa kuyasemea. Kwa gari la nchi kavu na safi huenda lisitokee tatizo, kwani pedi hulika karibu sawa. Lakini gari la Visiwani huishi na hewa ya chumvi. Vyuma viwili vidogo ambavyo kalipa huteleza juu yake hushika kutu na kukwama, pedi ya upande mmoja ikabaki imeiegemea diski saa zote, ikalika hadi bati huku mwenziwe ikiwa bado nene. Likitokea hilo kwenye gurudumu lisilo na waya, taa itanyamaza hadi mwisho. Gari linalovutia upande mmoja likifunga breki, au gurudumu moja linalowaka joto na kunuka kuliko mengine, linasema jambo ambalo taa haikuliona.

Kwa upande wa Kisongo na njia za Maasai zinazoingia na kutoka barabara kuu, adui si chumvi bali ni vumbi. Udongo wa huko umetokana na majivu ya volkano, ni laini kama unga, nao huingia baina ya pedi na diski na kusaga kama msasa. Madereva wa magari ya watalii wanalijua hilo, na walio makini miongoni mwao huvua magurudumu na kutazama pedi kwa macho badala ya kuisubiri taa. Land Cruiser nyingi wanazoziendesha hazina waya wa kuhisi, kwa hiyo wamezoea kutegemea jicho na sikio. Katika jambo hili madereva wa ofisi wana la kujifunza kwao.

Suala la miteremko nalo linahitaji maelezo ya peke yake. Kutoka ukingo wa Ngorongoro hadi chini ndani ya kreta ni mteremko wa mita 600 hivi. Gari la tani mbili likiteremka kimo hicho kwa kutegemea breki peke yake, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji. Joto lote hilo huingia katika diski nne na pedi nane. Pedi nene hulihimili kwa muda na kuyakinga mafuta yaliyo nyuma yake. Pedi nyembamba haina kinga hiyo: joto hupita hadi kwenye pistoni na mafuta. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani, na hewa ya Visiwani ina unyevu mwingi. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike nyuzijoto 205 za Selsiasi angalau, lakini yakishakunywa maji kiasi cha kipimo kilichowekwa, kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga, mguu ukazama hadi chini, na gari lisisimame. Kwa sababu hiyo mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama kikopo kimejaa na taa haijawaka. Dereva wa Unguja ambaye hajawahi kuteremka mlima ajue pia kwamba mteremko mrefu huteremkwa kwa gia ya chini, ili injini ishike mzigo, na breki ikanyagwe kwa vipindi. Hata gari lisilo na klachi lina gia ya 2 au L kwa ajili hiyo.

Mambo haya si ya vitabuni. Jioni ya Jumamosi tarehe 24 Februari, 2024, katika eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, si mbali na Kisongo, kwenye barabara ya Arusha kwenda Namanga, lori moja liliyagonga magari mengine matatu. Watu 25 walifariki dunia, wakiwemo raia wa kigeni, na wengine wengi walijeruhiwa. Chanzo kilichotajwa kilikuwa ni kufeli kwa breki za lori hilo. Malori makubwa kwa kawaida hutumia breki za upepo, ambazo si za aina inayoelezwa hapa, na hakuna anayedai kwamba kulikuwa na taa iliyopuuzwa. Msiba huo unatajwa kwa sababu moja tu: waliokufa wengi hawakuwa ndani ya chombo kilichoharibika. Mtu anayezima taa ya gari lake bila ya kubadilisha pedi huwafungulia mlango wa hatari watu asiowajua, ambao hawakuulizwa, na ambao wangekataa lau wangeulizwa. Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu wote.

Sheria nayo iko wazi. Kwa Bara, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kutumia barabarani gari lililo bovu, na kwa gari la Serikali nambari zake za usajili haziliondolei wajibu huo. Dereva aliyeripoti taa kwa mdomo tu, na mkubwa aliyejibu kwamba watazungumza wakirudi, wote wawili wamo katika dhamana.

Kwa hiyo, turudi kwa yule dereva aliyeachwa Kisongo na taa inayomemeta. Asiongeze mafuta. Asiendelee kuelekea Makuyuni, kwani baada ya Mto wa Mbu kuna ukuta wa Bonde la Ufa, ambao gari litaupanda wakati wa kwenda na kuuteremka wakati wa kurudi. Ahakikishe kwanza kuwa breki ya mkono imeachiwa kabisa. Asimame, afungue boneti, atazame kikopo bila ya kukifungua, kwani kwa kawaida alama za juu na chini zinaonekana kwa nje. Atazame nyuma ya magurudumu kama kuna unyevunyevu wa mafuta. Akanyage breki gari likiwa limesimama. Mguu ukiwa mgumu na mafuta yako karibu na alama ya chini, anaweza kurudi Arusha taratibu, kilomita hizo kumi, akiacha nafasi kubwa mbele yake. Mguu ukiwa laini au ukizama, hapo hapo ndipo mwisho wa safari, na mkutano utangoja.

Katika gereji, dereva asikae kivulini. Asimame penye gurudumu lililovuliwa, aonyeshwe pedi ya ndani na ya nje katika kila upande. Pedi hubadilishwa kwa jozi ya ekseli nzima, kulia na kushoto, hata kama ya upande mmoja bado ni nene, la sivyo gari litavuta. Diski ipimwe. Nyingi zimepigwa chapa pembeni ya unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na ikiwa imepungua chini ya hapo hubadilishwa pia. Vyuma vya kutelezea kalipa visafishwe na kupakwa grisi yake maalumu. Vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo, kwani pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto na vumbi lake hudhuru mapafu. Lioshwe kwa maji.

Kazi ikimalizika, kabla gari halijaondoka hata hatua moja, breki ikanyagwe mara kadhaa mpaka mguu uwe mgumu. Pistoni zimesukumwa ndani kabisa, na mkanyago wa kwanza hauna kitu. Wapo waliogonga ukuta wa gereji kwa kusahau jambo hili, na hao ndio waliobahatika kwamba mbele yao palikuwa na ukuta. Kisha gari lijaribiwe kwa mwendo mdogo, na kwa kilomita 200 hadi 300 za mwanzo dereva aepuke kufunga breki kwa nguvu pasipo na haja, ili pedi mpya na diski zizoeane.

Ipo njia nyepesi ya kujua kama taa ya breki imeshawahi kuchezewa, na inawafaa sana wanaonunua gari lililotumika. Ufunguo ukifunguliwa bila ya kuwasha injini, taa zote za tahadhari, pamoja na ile ya breki, hutakiwa ziwake kwa muda mfupi ili zijioneshe kuwa ni hai. Breki ya mkono ikivutwa, taa nyekundu iwake, ikiachiwa, izime. Taa ya breki isiyowaka kabisa wakati huo imekufa au imeondolewa. Magari mengine yaliyotoka Japani huandika tahadhari zake kwa Kijapani kwenye skrini. Mwenye gari kama hilo amwombe mjuzi amfasirie angalau maneno yahusuyo breki, na ayaandike kwa Kiswahili ndani ya kitabu cha gari.

Kwa magari ya ofisi, kitabu hicho kiandikwe tarehe, kilomita zilizotembewa, ni ekseli ipi iliyobadilishwa pedi, unene wa zile zilizotolewa, kama waya wa kuhisi ulitiwa mpya, na kama hesabu ya kompyuta ilirejeshwa na nani. Afisa anayehusika na usafiri asitie saini hati ya malipo kabla ya kuonyeshwa pedi za zamani zilizovuliwa. Kwa hivyo dereva anayetoka safari azirudishe pamoja na gari, hata kama zimetolewa Arusha.